Mwanangu ana sikoseli na anaikataa dawa: nimsaidieje aipokee bila vita?

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ninakuandikia kutoka Busia, upande wetu wa Uganda, ambako ninauza nguo za mitumba sokoni huku mume wangu akiendesha lori la mizigo kwenda Juba na kurudi. Mungu ametujalia watoto wawili. Wa kwanza ni msichana wa miaka 8, ambaye hana tatizo la afya, na wa pili ni mvulana wa miaka 4, ambaye ana sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Tuliigundua hali yake akiwa bado hajatimiza mwaka, pale vidole vyake vya mikono na miguu vilipovimba akawa analia usiku na mchana, na tangu hapo tunahudhuria kliniki ya sikoseli bila kukosa. Amepangiwa penisilini asubuhi na jioni, asidi ya foliki mara moja kwa siku, na dawa ya kinga ya malaria kila mwezi.

Alipokuwa mdogo zaidi alimeza dawa bila shida. Sasa kila siku ni mapambano. Akiona tu kijiko na kikombe cha dawa vimetolewa, hukimbilia nyuma ya nyumba; akikamatwa hukaza meno; na siku anazokubali kufungua kinywa, huificha dawa shavuni kisha huenda kuitema uani. Juzi nilipoinua mkeka wake ili niuanike, nilikuta vipande vya vidonge vilivyoanza kuyeyuka, na moyo wangu ulishtuka kwa sababu sikujua amekaa bila kinga kwa muda gani huku sisi tukiamini kwamba amemeza.

Mimi hutoka kwenda sokoni alfajiri, kwa hiyo dawa ya asubuhi hutolewa na mama mkwe wangu, ambaye anaishi nasi na anampenda mjukuu wake kupita kiasi. Yeye humwambia kwamba ni pipi, au huisaga na kuichanganya katika kikombe cha uji wa ulezi. Matokeo yake ni kwamba mtoto ameanza kuukataa hata uji wenyewe, ambao ndio chakula alichokipenda kuliko vyote. Mume wangu anapokuwa nyumbani humwambia kwamba asipomeza atapelekwa hospitali akadungwe sindano. Jioni zamu ni yangu, nami humpakata, dada yake humshika miguu, na dawa humiminwa kinywani. Inaingia, lakini baada ya hapo hanisogelei tena mpaka usingizi umchukue.

Safari yetu ya mwisho kliniki, daktari alisema kwamba mwezi ujao mtoto ataanzishiwa haidroksiyurea, nayo atainywa kila siku kwa miaka mingi. Nilifurahi, maana nimewaona watoto wengine wakipata nafuu kwa dawa hiyo, lakini njiani wakati wa kurudi nilijiuliza tutawezaje kuongeza dawa nyingine wakati hizi zilizopo zinatushinda. Jirani yangu ananishauri nimwache apumzike na dawa hadi atakapokuwa mkubwa wa kuelewa.

Naomba unisaidie. Nifanye nini ili aipokee dawa kwa moyo mkunjufu? Je, mtoto wa umri huu aambiwe kwamba ana ugonjwa, na aambiweje? Na nizungumze vipi na mama mkwe wangu bila kuonekana kwamba ninamfundisha kulea, hali yeye ndiye aliyemlea mume wangu na ndugu zake wote?

Wako,
Mama wa watoto wawili, Busia


Marahaba, binti yangu.

Barua yako inaeleza jambo ambalo pengine hukulitilia maanani ulipokuwa ukiandika: mtoto huyu alikuwa akizimeza dawa hizi hizi bila taabu. Uchungu wa dawa haujaongezeka. Aliyebadilika ni yeye, kwa kuwa mtoto anapopita miaka miwili na kuingia wa tatu na wa nne huanza kujua kwamba mwili huu ni wake na kwamba ana hiari yake. Wakati huohuo, watu wazima watatu anaowategemea wanampa dawa ileile kwa maelezo matatu yasiyofanana. Kwa bibi ni pipi, kwa baba ni njia ya kuepuka adhabu, na kwa mama ni kitu kinachomiminwa kwa nguvu. Hakuna hata mmoja kati yenu ambaye, kwa ninavyoisoma barua, amemwambia kwamba hii ni dawa, kwamba ni chungu, na kwamba inamlinda. Ninaamini kwamba mkanganyiko huo pamoja na ule mshiko wa jioni vinamsumbua kuliko ladha yenyewe, na kwamba mkianza wote watatu kumwambia ukweli mmoja kwa maneno yanayofanana, sehemu kubwa ya mapambano itapungua kabla hamjabadilisha kitu kingine chochote.

Lakini nimjibu jirani yako kwanza, kwa sababu ushauri wake ni wa hatari ingawa umetolewa kwa huruma. Wengu wa mtoto mwenye sikoseli huharibika mapema, mara nyingi katika miaka ya mwanzo ya uhai wake, na wengu ndio unaosaidia kuchuja bakteria kutoka katika damu. Wengu usipofanya kazi, bakteria wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo wanaweza kumlemea mtoto kwa muda wa saa chache. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 1986 ulionyesha kwamba penisilini ya kunywa mara mbili kwa siku ilipunguza maambukizi hayo kwa asilimia 84, na matokeo yalikuwa wazi kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Ndiyo sababu penisilini hutolewa angalau mpaka mtoto atimize miaka 5, yaani katika kipindi kilekile ambacho hawezi bado kuelewa kwa undani kwa nini anainywa. Ukimngoja aelewe kwanza, utakuwa umemwacha bila kinga katika miaka anayoihitaji zaidi.

Kuhusu vidonge ulivyovikuta chini ya mkeka, waeleze wahudumu wa kliniki waziwazi, wala usiogope kwamba watakugombeza, kwa maana daktari asiyejua kwamba dawa zilitemwa anaweza kudhani kwamba hazimfai mtoto. Usimpe dozi mbili kwa pamoja ili kufidia zilizopotea. Na kwa mtoto wa sikoseli, hasa huyu ambaye hamjui amekosa kinga kwa siku ngapi, joto la mwili la nyuzi 38 au zaidi linamaanisha safari ya kituo cha afya saa hiyohiyo, uwe usiku au mchana, bila kungoja kwanza kuona kama parasetamoli italishusha.

Basi suala la kumeza au kutomeza limekwisha kuamuliwa na watu wazima, na halitakiwi kuwekwa mbele ya mtoto kama jambo la kuchagua. Usimwulize, "Utakunywa dawa?", kwa sababu atakujibu hapana, na wewe huna nia ya kulikubali jibu hilo, na hapo atakuwa amejifunza kwamba neno lake halina uzito. Yako mambo mengine mengi, hata hivyo, ambayo unaweza kumwachia ayaamue yeye, na mtoto wa miaka 4 huyapokea kwa furaha kubwa kuliko tunavyodhani. Mwambie, "Muda wa dawa umefika. Utaketi mkekani au mapajani kwangu? Tutumie kikombe chekundu au cha kijani? Tuanze na hii nyeupe au ile ya manjano? Ukimaliza unywe maji au juisi ya pasheni?" Mpe chaguo mbili tu kwa wakati mmoja, zote ziwe zile unazoweza kuzitimiza, kisha ushike neno lako. Saa nayo iwe moja kila siku. Saa moja asubuhi na saa moja jioni zinafaa kwa penisilini, kwa kuwa zinaachana saa 12, na mtoto akishazoea kwamba dawa huja baada ya kunawa uso na kabla ya chakula cha jioni, huacha kuihesabu kama shambulio linaloweza kumkuta wakati wowote.

Pipi lazima ikome. Ninajua kwamba mama mkwe wako anaisema kwa mapenzi, na nyumba nyingi hapa Uganda hufanya hivyo hivyo, lakini mtoto huhitaji kuonja mara moja tu ili ajue kwamba amedanganywa, na akishajua, hata siku utakayomletea kitu kitamu kweli atakinusa kwanza. Ubaya mwingine ni mkubwa zaidi. Mtoto anayeamini kwamba chupa ile ina pipi anaweza kupanda juu ya kigoda siku moja mkiwa hampo na kuzila zote, na mwezi ujao mtaleta nyumbani haidroksiyurea, dawa yenye nguvu ambayo haifai kabisa kuguswa na mtoto bila usimamizi. Wekeni dawa zote ndani ya sanduku linalofungwa, mahali pa juu, na dada yake pia aambiwe kwamba hazichezewi.

Uji nao mwache uwe uji. Dawa ikichanganywa katika kikombe kizima, mtoto akibakiza robo hujui amepata kiasi gani, na kama ulivyokwisha kuona, chuki ya dawa huhamia kwenye chakula. Kuchanganya kunaruhusiwa ikiwa utatumia kiasi kidogo sana, kijiko kimoja cha chai, na mtoto ajue kwamba dawa imo. Vidonge vya kawaida vya penisilini na vya asidi ya foliki husagika vizuri kati ya vijiko viwili. Tia matone machache ya maji, kisha uchanganye na ndizi sukari iliyopondwa, au asali, ambayo kwa umri wake haina tatizo ingawa mtoto asiyetimiza mwaka mmoja hapaswi kupewa. Mweleze hivi: "Dawa yako imo ndani ya hii ndizi, ni chungu kidogo, ndizi itasaidia." Watoto wanauhisi uchungu kwa ukali kuliko watu wazima, kwa hiyo anapokunja uso hadeki, anahisi kitu ambacho ulimi wako wewe umeshazoea. Maji ya baridi au kipande kidogo cha barafu kinachoyeyukia mdomoni kabla ya dawa huupunguzia ulimi makali ya ladha, na kinywaji alichokichagua mwenyewe kiwe tayari mkononi mwako ili akipate mara tu anapomeza.

Kama anakataa kijiko, omba kliniki au nunua katika duka la dawa sirinji ndogo isiyo na sindano. Akiwa ameketi wima, elekeza ncha yake upande wa ndani wa shavu, usukume kidogo, ameze, usukume tena kidogo. Watoto wengi hupenda kusukuma wenyewe, na ukiweka mkono wako juu ya mkono wake ataona kwamba kazi ni yake. Usimbane pua ili afungue kinywa, usimmiminie akiwa amelala chali, wala akiwa analia kwa nguvu, kwa sababu katika hali hizo dawa inaweza kuingia katika njia ya hewa. Hilo ni la kuzingatia hata kama jirani atakuambia kwamba watoto wake wote walilelewa kwa kubanwa pua na hakuna aliyedhurika.

Ziko siku atakazokataa katakata, hasa wiki za mwanzo, kwa kuwa atataka kujua kama mabadiliko haya ni ya kweli. Usimkimbize. Weka kikombe chini, mwambie kwa sauti ya kawaida kwamba mtajaribu tena baada ya muda mfupi, fanya kazi nyingine kwa dakika kumi hivi, kisha urudi na maneno yaleyale na chaguo zilezile. Kubembeleza kwa nusu saa huchosha na humfundisha kwamba ukaidi huleta mazungumzo marefu. Ikitokea kwamba hakuna njia nyingine na ni lazima ashikwe, ashikwe na mtu mzima, akiwa wima kifuani, kwa mkono unaomkumbatia, na ikiisha imekwisha: usimsute, mshukuru kwa kumeza, ukae naye hapo hapo hata kama amegeuza uso. Binti yako wa miaka 8 asishike miguu tena. Ni mzigo usiomstahili, na unamfanya ndugu yake amwone kama askari wa upande wa pili.

Sifa ziwe za papo hapo na zitaje alichokifanya. "Umefungua kinywa mwenyewe bila kushikwa" inamweleza zaidi kuliko "mtoto mzuri", na inafaa hata siku aliyolia, maadamu alifungua. Usiahidi pesa wala peremende kwa kila dozi, kwa sababu dawa hii ni ya miaka na malipo atakayoyadai yatapanda kila mwezi. Tundikeni ukutani kalenda moja kati ya zile ambazo wenye maduka hugawa mwisho wa mwaka, na kila dozi iliyomezwa itiwe alama na yeye mwenyewe, asubuhi upande mmoja na jioni upande mwingine. Kalenda hiyo itakusaidia na wewe unayerudi jioni kujua kama ya asubuhi ilitolewa, na kliniki wataifurahia. Kuangalia kwamba amemeza kweli kuwe sehemu ya mchezo: aonyeshe ulimi, ausogeze kushoto na kulia, kisha ndipo achukue kalamu.

Mpeni pia nafasi ya kucheza dawa. Mtengenezeeni mwanasesere wa maganda ya migomba, mumpe ile sirinji isiyo na sindano na kikombe kitupu, kisha mwacheni awe daktari, na dada yake awe mama wa mgonjwa. Msikilize anavyozungumza na mwanasesere wake. Ukimsikia akimwambia, "Meza, la sivyo utadungwa," utakuwa umejua ni maneno gani yaliyomkaa moyoni, na unaweza kuingia katika mchezo ukamjibu kwa niaba ya mwanasesere.

Hapo ndipo ninapomfikia mume wako. Mtoto atakayetumia haidroksiyurea atapimwa damu mara kwa mara, kwa sababu daktari lazima aone kama chembe za damu zimeshuka kupita kiasi, na kwa hiyo sindano itakuwa sehemu ya maisha yake. Baba akiitumia kama kitisho, siku ya kipimo mtoto ataamini kwamba anaadhibiwa, na wauguzi watakaokuwa wakimhudumia kwa miaka mingi atawaona kama maadui. Mweleze mumeo hayo kwa faragha, kisha umpe kazi iliyo bora kuliko kutisha. Anaweza kupiga simu saa moja jioni kutoka barabarani, pale mtandao unaporuhusu, na kumwuliza mwanawe ni kikombe gani alichochagua leo. Mtoto anayejua kwamba baba atauliza huingoja simu hiyo.

Umeuliza kama aambiwe kwamba ana ugonjwa. Aambiwe, kwa maneno machache yanayolingana na umri wake, na aambiwe mapema kabla hajayasikia uani kwa watu wasiomtakia heri. Waweza kusema hivi: "Damu yako ina chembe ambazo wakati mwingine hujikunja na kukwama, ndipo miguu na mikono inauma. Dawa hii inawazuia wadudu wa ugonjwa wasikushinde. Ile ya manjano inausaidia mwili kutengeneza damu mpya. Hukufanya kosa lolote, ulizaliwa nayo." Sentensi hiyo ya mwisho irudie mara nyingi, kwa sababu watoto wa umri wake hudhani kwa urahisi kwamba maumivu na dawa chungu ni adhabu ya jambo walilolifanya, na vitisho vimempa sababu ya kudhani hivyo. Usimwahidi kwamba akimeza atapona, wala kwamba hataumwa tena. Akipatwa na maumivu baada ya ahadi hiyo, ataona kwamba dawa ni ya uongo. Mwambie kwamba dawa inapunguza, na kwamba akiumwa mtamsaidia. Na yule anayesema mbele yake kwamba watoto wa sikoseli hawakui, mwombe kwa adabu anyamaze, kwa kuwa wapo watu wazima wenye ugonjwa huu ambao wamesoma, wanafanya kazi na wanalea watoto wao, na mtoto aliyesikia kwamba hana mbele hataona sababu ya kuvumilia uchungu wa dawa.

Haidroksiyurea ina heri moja: kwake ni dawa mpya, haina historia ya pipi wala ya kushikwa miguu. Ianzeni vizuri. Mnaweza pia kuianza kwa matumaini yenye msingi, kwa sababu utafiti uliohusisha nchi nne za Afrika, ukiwa na kituo kimoja hapa Uganda mjini Mbale, na kuchapishwa mwaka 2019, uliwafuatilia watoto 606 walioanzishiwa dawa hiyo, na vipindi vya maumivu vilipungua kwa zaidi ya nusu, malaria ikapungua kwa karibu nusu, na vifo vikapungua pia. Mwombe mfamasia amkabidhi mtoto mwenyewe ule mfuko wa dawa, hata kama wewe ndiye utakayeupokea baada ya dakika moja. Kama ni kapsuli, usiifungue wala kuisaga nyumbani mpaka uelekezwe namna ya kufanya, kwa kuwa unga wake haufai kuguswa kwa mikono mitupu wala kuvutwa puani, na mwanamke mjamzito hapaswi kuishughulikia kabisa. Uliza kama ipo ya aina inayomfaa mtoto asiyeweza bado kumeza kapsuli nzima, na uliza pia nini kifanyike akitapika baada ya kuinywa. Muuguzi akiona kwamba anaweza kuanza kujifunza kumeza, mazoezi hufanywa kwa vipande laini vya posho, yaani ugali, vyenye ukubwa wa punje ya mchele, akiwa ameketi wima na maji mkononi, na usitumie karanga wala peremende ngumu, ambazo zinaweza kumpalia.

Kuhusu mama mkwe wako, usimrekebishe mbele ya mtoto, wala usimtume mume wako akamrekebishe kwa simu. Mwendee kama mtu anayeomba msaada, kwa sababu kweli unauhitaji: "Mama, daktari anaongeza dawa mwezi ujao, nami asubuhi sipo. Wewe ndiye utakayeibeba kazi hii kuliko mimi. Naomba twende wote kliniki ukasikie mwenyewe na uulize unayotaka kuuliza." Maneno ya muuguzi aliyezoea kuzungumza na bibi yatamfikia bila kumvunjia heshima. Huko huko, ikiwa kuna lawama zozote za chini kwa chini kuhusu ugonjwa umetoka ukoo gani, ataelezwa kwamba mtoto hupata sikoseli anaporithi kutoka kwa wazazi wote wawili, na kwamba si jambo la familia moja: uchunguzi wa damu za watoto wachanga kutoka kote nchini, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta kwamba asilimia 13.3 wamebeba urithi huo bila wao wenyewe kuugua. Mtoto anayesikia nyumba ikilaumiana kwa sababu yake huanza kuiona dawa kama alama ya aibu.

Halafu mpe kitu cha kushika mahali pa pipi. Mabibi wana hazina ya hadithi, za sungura na fisi na nyinginezo, na wewe huna muda nazo alfajiri. Mwombe kila asubuhi, dawa ikishamezwa na alama ikishatiwa kwenye kalenda, amsimulie mjukuu wake kipande cha hadithi na kukiachia mahali patamu, mpaka kesho yake. Hadithi isitolewe kabla ya dawa wala isinyimwe kama adhabu siku mtoto aliyomeza kwa machozi; akimeza, anaipata.

Niandikie baada ya kliniki ya mwezi ujao, unieleze wamekujibu nini kuhusu kapsuli na jinsi asubuhi zenu zinavyokwenda.

Shangazi